Ndege wa Lubero kwenye pazia la Wakopti

Saa mbili asubuhi, Doonside, Sydney. Meza ya chakula ya Lydie Katungu imefunikwa na pazia la kanisa. Anadarizi mkia wa tausi kwa uzi wa bluu na kijani, huku anaimba hadi jirani anamjibu kwa honi ya gari. Mama huyu hajui kukaa kimya.

Kiwanda cha mapazia alichofanyia kazi kule Auburn kilifungwa mwaka huu, 2021, korona ilipozidi. Mwenzake wa kiwandani, Demiana, Mmisri wa Kanisa la Kikopti, akamwomba adarizi pazia la madhabahu kwa kufuata vitambaa vya kale vya Wakopti: mzabibu wa uzima, samaki wa Kristo, na tausi wawili wa ufufuo.

Kutembeleana kulikatazwa, hivyo picha ya vitambaa hivyo ilikuja kwa simu, imefifia, mikia imekatwa, bila jina la ndege. Katungu, mzaliwa wa Lubero, mashariki mwa Kongo, akaona kishungi kichwani, basi.

“Mi nikasema, uyu njo ule ndege ya kwetu, ya mabonde, iko na taji! Sikuuliza mutu.”

Akadarizi korongo taji mmoja: miguu mirefu, shingo ya maringo. Kazi ya wiki nzima.

Alipotuma picha, Demiana akamwandikia kwamba huyo si tausi. Kufumua kungetoboa kitambaa, na Katungu hakuwa na kazi nyingine.

“Nililia. Nilijua nimeharibu kitu ya Mungu ya benyewe.”

Kisha padri mwenyewe, ambaye Wakopti humwita Abuna, yaani baba yetu, akapiga simu. Kwa Kiingereza chao cha kuungaunga, alitaka kujua huyo ndege ni nani.

“Nilimuambia kweli. Kwetu vita ikikuja, batu banakimbia, mashamba inabaki tu. Siku tunaona ule ndege amerudi mu mabonde, tunajua na sisi tunaweza kurudi.”

Abuna akacheka kwa furaha. “Mwache hapo hapo,” akasema. “Huo ni ufufuo. Ila mpe tausi awe jirani yake.”

Ndiye tausi anayemaliziwa leo. Nimeona mapambo mengi ya makanisa. Hakuna lililonifurahisha hivi.

Kanisa likifunguliwa, pazia litatundikwa. Katungu anapanga kufungua atelie, yaani karakana ya udarizi, na akina mama wenzake, lakini kwanza anasubiri Jumapili hiyo.

“Nitakaa mbele kabisa, na kilemba kubwa,” anasema, akijifuta machozi huku anacheka. “Bameweka ndege ya kwetu mbele ya Mungu. Mutu asiniite tena mugeni hapa Sydney.”