Nilivyompata mtu wa kunitengenezea video ya mashine zangu za mafuta, Ruangwa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Nimeona mdau mmoja humu anauliza anampataje mtu wa kumtengenezea video ya biashara. Nikasema ngoja nimsimulie yangu. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe, na penye aibu yangu nitapasema pia.

Mimi ni mtu wa Iringa. Nilipelekwa Nachingwea kufundisha ufundi, nikaupenda mji, nikaacha kazi nikafungua karakana. Hii ni miaka ya 2000, katikati hapo.

Nilikuwa nachomelea mashine za mkono za kukamua mafuta ya ufuta. Unaweka ufuta juu, unasukuma mpini, mafuta yanachuruzika huku, mashudu yanatokea kule. Mtu wa kijijini hahitaji umeme wala dizeli.

Za mwanzo zilitoka. Halafu kukaanza maneno kwamba mashine za yule fundi zinakwama. Nilichoka kubishana. Wateja wakakatika, mashine kumi na kitu zikabaki uani zinanyeshewa.

Mke wangu ni nesi. Alikuwa ameshaandika barua ya kuomba uhamisho turudi kwetu. Sikumlaumu.

Ndipo nikapata wazo la video. Siku hizo watu walikuwa wanafuata TV popote ilipo. Nikasema nitatengeneza mkanda, nizunguke nao vijijini na jenereta, watu waone mashine inavyofanya kazi.

Wa kwanza kumpata alikuwa jamaa mmoja maarufu wa kushuti harusi, tulimwita Dairekta. Kamera yake ya begani, miwani nyeusi, maneno mengi. Akaniachia sample ya harusi. Wakuu, ule mkanda ulikuwa na effects! Maua yanadondoka, maharusi wanaelea mawinguni, mara wanageuka kopa, mara wanazunguka kama feni.

Mimi hoi. Nimeshanasa.

Mke wangu akaangalia mpaka mwisho, akaniuliza taratibu, "Sasa baba Neema, hapo bibi harusi alikuwa yupi?"

Nikacheka, lakini kweli hata mimi sikuwa nimemtambua.

Kesho yake nikamuuliza Dairekta atakuja lini kuiona mashine. Akasema, "Mashine nitaiona hukohuko siku ya kushuti, bosi. Wewe tafuta suti tu, na gari la kusimama mbele yake."

Suti na gari, wakuu. Mimi nauzia wakulima wa ufuta! Nikamwambia nitamjulisha.

Mfanyabiashara mmoja akanielekeza Ruangwa kwa mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Rehema, mzaliwa wa hukohuko. Alikuwa na kakamera kadogo kutoka kwa kaka yake, anashuti mahafali na ngoma wikiendi.

Nikapanda lori nikaenda. Sample yake ilikuwa mahafali ya darasa la saba. Hakuna ua hata moja. Ila kila mtoto aliyesimama kuongea nilimsikia neno kwa neno, na uso wake nikauona.

Akaniuliza, "Watakaoangalia ni akina nani, fundi?"

Nikamwambia wakulima.

"Wanailalamikia nini hiyo mashine?"

Nikapanda moto. Nikamjibu nimekuja kutengeneza tangazo, sikuja kusikiliza malalamiko. Hakukasirika. Akasema tu, "Basi nipeleke kwa mtu anayeitumia, nikae naye siku nzima bila kamera."

Sikuwahi kufikiria hilo. Nikamchagua palepale.

Nikampeleka Chinongwe kwa Bibi Somoe, mmoja wa wachache ambao hawakuwahi kunilalamikia. Siku ya kwanza walipiga stori tu na kupepeta ufuta. Siku ya pili ndiyo kamera ikatoka.

Bibi akaanza kuongea Kiswahili, amekakamaa kama yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Mwalimu akamwambia, "Bibi, sema unavyomwambia jirani yako." Akahamia Kimwera. Hapo mikono ikaanza kuongea, uso ukafunguka. Mimi sielewi Kimwera, lakini sikuweza kuacha kumtazama.

Halafu mwalimu akaniambia mimi nikamue. Nikajaza ufuta, nikasukuma mpini mara tatu.

Ikakwama. Kiii! Mashudu yamekaza kama saruji.

Nikapunga mkono, "Zima, zima kamera!" Mwalimu hakuzima. Bibi Somoe anacheka mpaka anashika kiuno. "Umewahi mno, fundi. Ufuta huu umetoka ndani, haujaota jua."

Akafungua bolti, akatoa mashudu, akaanika ufuta kwenye turubai mpaka jua lilipokuwa utosini. Akasukuma mwenyewe. Mafuta hayo, yanatiririka.

Wakuu, aibu yangu ndiyo hii. Mimi fundi nilijua ufuta unatakiwa kupata joto. Niliuza mashine zote zile nikadhani kila mtu anajua. Sikuwahi kumwambia mteja hata mmoja.

Hata hivyo mkanda ulipokuwa tayari nikataka kipande cha kukwama kikatwe. Tukabishana sana. Mwalimu akasema, "Nikikikata utakuwa na mkanda mzuri, na mashine zitabaki uani." Tukakubaliana tuonyeshe kwanza Chiola. Wakinicheka, akate.

Tukaweka TV kwenye kibaraza cha duka, alasiri, watu wakajaa. Bibi Somoe alipoanza Kimwera ndani ya TV, kina mama walipiga vigelegele. Kisha mashine ikakwama.

Mzee mmoja akasimama. Nilimjua, niliwahi kumuuzia. "Hivyohivyo! Ndivyo inavyofanya ya kwangu!"

Nilitamani jenereta lizimike.

Kwenye TV Bibi akaendelea kueleza mpaka mafuta yakatoka. Yule mzee akanigeukia, akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha mkanda. Akasema tena rudisha. Mara tatu! Mara ya tatu alikuwa amesogea mpaka karibu na kioo.

Wiki iliyofuata alikuja karakana Nachingwea na chupa ya mafuta aliyokamua mwenyewe. Nyuma yake wakaja wengine. Tulipeleka mkanda hadi Kilimarondo. Sikutajirika, lakini ule msimu uani kulibaki nyasi tu, na mke wangu akalifuta lile ombi la uhamisho.

Nilirudi Ruangwa kumshukuru mwalimu. Nikamuuliza alijuaje shida ilikuwa wapi. Akasema, "Sikujua, fundi. Mimi nilimuuliza Bibi tu. Wewe ulikuwa hujamuuliza."

Lile neno liliniuma, na hadi leo namshukuru kwalo. Tangu siku hiyo siuzi mashine bila kukaa na mteja na kukamua naye.

Kwa mdau uliyeuliza: angalia sample, ndiyo, ila msikilize anakuuliza nini kabla hajagusa kamera. Asiyekuuliza kitu atashuti suti yako. Mwalimu Rehema alinikasirisha siku ya kwanza, na sijawahi kupata mtu aliyenisaidia kama yule.

Waliowahi kutengenezewa video za biashara, hasa mikoani, wekeni visa vyenu hapa chini. Na kama kuna Dairekta amesoma, kaka, sina kinyongo, yale mawingu yalikuwa makali.