Vidole Kumi vya Ramathan

Ramathan akikusimulia kisa cha tableti atacheka kabla hujacheka wewe, kwa sababu anasema ni afadhali mtu ajicheke mwenyewe kuliko kungoja zamu ya majirani. Na majirani zake wa Mpumudde hawana subira. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa kupiga taipu mahakamani, Jinja, na hata baada ya kustaafu waliendelea kumwita Afande Taipu, ingawa hajawahi kuvaa sare wala kumpigia mtu saluti. Jina hilo alilipenda mno. Akienda dukani kununua sukari alikuwa tayari kukueleza, bila kuulizwa, kwamba enzi zake alipiga maneno sitini kwa dakika, vidole kumi vikifanya kazi na macho yakitazama ukutani, na kwamba kipaji hicho hakupewa na mtu, alizaliwa nacho.

Hilo la macho ndilo lililomponza. Chuo cha ukarani alichosoma kilikuwa na mwalimu aliyewafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa cheusi, na aliyethubutu kuchungulia alichapwa rula. Mpiga taipu wa kweli, mwalimu alisema, hatazami vidole wala karatasi inayopigwa. Ramathan aliyashika mafundisho hayo kama mtu anavyozishika sura fupi za sala. Mahakamani alipiga kesi za wizi, za talaka, za mipaka ya mashamba ya Budondo, jicho lake likiwa juu ya mjusi ukutani, na jioni ukimuuliza kesi ya leo ilihusu nini, alikuwa hajui. Maneno yaliingia sikioni yakatokea vidoleni bila kupita pengine popote. Hata hilo alilihesabu kuwa sifa.

Basi ukoo wao, ambao ni Wanubi, wajukuu na vitukuu vya askari walioletwa kutoka Sudani zamani za Waingereza, uliamua kuchapisha kijitabu cha majina ya wazee wao, kisomwe siku ya dua baada ya Idi. Majina yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu: Hajati Ramula, dada wa marehemu baba yake Ramathan, anayekaa Namakwekwe, Mbale. Hajati alikuwa amekaribia miaka tisini. Macho yalikuwa yameingia ukungu na kifua kilikuwa kibovu, na daktari alikuwa amemwonya asiseme kwa muda mrefu. Ukoo mzima ulijua kwamba atakayekwenda kumwandika ayapate yote mara moja, maana huenda pumzi za mara ya pili zisiwepo.

Shamira, mjukuu wa Hajati anayeishi naye na kumtunza, alisema yeye angeweza kuandika kwa simu yake, taratibu, kila siku kidogo. Ramathan alicheka sana kikaoni. Aliuliza tangu lini ukoo wa watu ukaandikwa kwa vidole gumba viwili, kama mtu anayemenya karanga. Wazee wakaona amesema kweli, wakamkabidhi kazi yote na tableti mpya iliyonunuliwa na kamati ya kijitabu, naye akaahidi mbele ya watu kwamba ataimaliza kwa alasiri moja.

Nyumbani akaiwasha, akaketi wima, akaviweka vidole vyake mahali pake kama alivyofundishwa, vinne huku na vinne huku, vipumzike kabla ya kuanza. Kumbe kioo hakijui mtu anayepumzika. Kabla hajafikiria neno la kwanza, ukurasa ulikuwa umejaa herufi zisizo na maana. Akafuta, akaviweka tena, zikajaa tena. Alipojaribu kupiga kwa nguvu alizozizoea kwenye mashine ya chuma, tableti iliteleza mezani ikaangukia sufuria ya mboga. Tena ile kibodi ya kwenye kioo ilikuwa na kiherehere cha kumkamilishia maneno: akiandika nusu, yenyewe inampendekezea nusu iliyobaki. Ramathan alijiona ametukanwa. Mzoea kunyonga kuchinja hawezi, lakini siku hiyo hakulikumbuka neno hilo. Alisema chombo ni kibovu.

Akaenda kwa Kirunda, muuza simu mjini, akanunua kibodi ya nje, ile inayoshikana na tableti kwa bluetooth bila waya. Tableti ilikuwa imeishiwa chaji siku hiyo, kwa hiyo Kirunda aliiunganisha kibodi na simu ya Ramathan kwanza ili mteja aone kwamba inafanya kazi. Alimwonya kwamba ikiwa imelala, ikiamka hushika chombo chochote inachokijua kilicho karibu, hivyo aangalie kwenye kioo kabla ya kuandika. Ramathan aliyasikia maneno hayo kama alivyozisikia kesi za talaka. Usiku akaiunganisha na tableti, akapapasa vitufe, akakuta kile cha F na kile cha J vina vijinundu vidogo kama ilivyopaswa. Akakaribia kuvibusu.

Alifika Mbale Jumatano, kanzu nyeupe, kofia iliyofumwa kwa mkono, kibodi kwapani. Akaijaribu sebuleni kwa Hajati: sentensi moja ikatokea kwenye tableti, safi. Akaridhika. Kisha wakaadhini adhuhuri, watu wakasali, kibodi ikalala. Alipomaliza kusali Ramathan aliitoa simu yake kwenye chaji, akaitia mfukoni mwa kanzu, akarudi kitini, akaelekeza macho ukutani, penye kalenda ya msikiti, akamwambia shangazi yake aanze.

Hajati alianza na babu aliyevuka jangwa kwa miguu. Kwa desturi yao, ukimtaja marehemu unamwombea, basi kila jina lilikuja na dua yake, na Ramathan alipiga jina na dua vilevile, bila kupunguza herufi. Alikuwa anapaa. Kwenye mashine ya zamani mstari ukifika mwisho kengele hulia nawe ukaurudisha mkono wa mashine. Hapa hapakuwa na kengele, lakini vidole vyake vilijua wenyewe, na kila baada ya maneno kama kumi kilipigwa kitufe cha kushuka mstari. Simu ilikuwa ikimtetemekea mfukoni mara kwa mara. Alidhani anapigiwa, akajisifu moyoni kwa kutoshughulika nayo. Hajati alinyamaza mara mbili tatu, sauti ikarudi ikiwa nyembamba, naye alingoja, vidole vikiwa tayari, macho kwenye kalenda. Hivyo wakaenda saa mbili kasoro.

Shamira aliingia na chai akitokea uani. Akaweka sinia, akainama kuitazama tableti, akainama tena.

"Mjomba," alisema, "hapa hakuna kitu."

Ramathan alimjibu kwamba atazame juu zaidi. Shamira akasema juu ni ile sentensi moja ya asubuhi, na chini yake kibodi ya kwenye kioo imejitokeza yenyewe, jambo ambalo hailifanyi kama ile ya nje imeunganishwa nayo. Hapo ndipo Ramathan alipogeuza macho yake kutoka ukutani, kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. Akaitoa simu mfukoni. Ilikuwa na joto, na kwenye kioo chake cha kufungulia palikuwa na tangazo kwamba neno la siri limekosewa mara nyingi mno na mwenye simu ajaribu tena baadaye.

Ilimchukua muda kuelewa. Kibodi ilipoamka ilikuwa imeishika simu. Simu ilikuwa imefungwa, na neno lake la siri ni la herufi, kwa hiyo kila alichopiga kiliingia kwenye kile kisanduku cha neno la siri, na kila aliposhusha mstari alikuwa anaiambia simu: hili ndilo, fungua. Wazee wote wa ukoo, kuanzia yule aliyevuka jangwa, walipelekwa mlangoni mwa simu mmoja mmoja na dua zao, na simu ikawakataa wote. Hapa Ramathan akisimulia hucheka mpaka akashika mbavu. Siku yenyewe hakucheka. Alijiona mpumbavu na aliogopa, kwa sababu Hajati alikuwa ameegemea mto, midomo imekauka, anapumua kwa juu.

Shamira, Mungu ambariki, hakumcheka. Alimuuliza tu, kwa upole uliomuumiza zaidi ya matusi, kama haya majina anayakumbuka, ili wayaandike upya bila kumsumbua bibi. Ramathan alifungua mdomo. Alilikumbuka la kwanza, kwa sababu kila Mnubi analijua. La pili hakulikumbuka. Alijaribu la tatu, akapata dua bila jina.

"Hata ile ya mama yako?" Hajati aliuliza kutoka pale alipoegemea mto.

Ramathan akasema hajui kama lilitajwa neno la mama yake.

"Nilisema mambo ya mama yako, Ramathan. Mambo hata baba yako hakukuambia. Nililia hapa, mbele yako. Wewe ulikuwa natazama ukuta."

Ramathan alisikia uso unamwaka. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka mitatu; hakuwa na picha yake, na katika maisha yake yote hakuwahi kuambiwa zaidi ya kwamba alikuwa mwanamke mzuri wa hapahapa Mbale. Miaka sitini alikuwa na njaa ya neno moja juu yake. Leo neno lile lilikuwa limepita katikati ya kichwa chake likatokea vidoleni, na alichokifanya yeye ni kushusha mstari.

Hajati alilazwa apumzike. Ramathan alikaa barazani, na anasema kwamba pale barazani ndipo alipojiona jinsi alivyo: mzee aliyejipiga kifua mji mzima kwa sababu ya kutosikia. Aliomba Mungu ampe shangazi yake pumzi, na akaona haya kumwomba zaidi ya hapo.

Baada ya alasiri Hajati aliita watu. Alisema kifua kimetulia. Majina ya ukoo atampa Shamira, kidogo leo na kidogo kesho, kama binti alivyotaka tangu mwanzo. Ramathan akakubali kabla hajamaliza kusema. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba yale ya mama yake ayaandike yeye. Shamira akajitolea kumrudishia kibodi kwenye tableti. Ni kugusa mara mbili tu, alisema. Ramathan akakataa. Alijijua: vidole kumi vikishapata nyumba yao, macho yatakwenda ukutani. Akaizima kibodi, akaisukumia chini ya kiti, akaiacha ile ya kwenye kioo ijitokeze, akanyoosha kidole kimoja cha shahada kama mtoto wa madrasa anayefuata alifu. Kisha akasogeza kiti chake mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

Hajati alianza. Kidole kilitafuta N kikaipata, kikatafuta a. Hajati alikuwa akisema maneno matano, mpwawe anaandika moja, naye akalazimika kungoja, na katika kungoja akawa anakumbuka mengine. Ramathan alikuwa akimtazama usoni, kisha kwenye kioo, kisha usoni.

"Jina yake ya kwao ilikuwa Nandutu," Hajati alisema. "Sisi ndio tulimuita Nusifa, wakati alisilimu. Kwao walikasirika, hawakuja hata siku moja. Siku wewe ulizaliwa alikamata vidole yako, moja moja, mpaka kumi. Akaniambia, wifi, babu yake alishika bunduki, baba yake nashika bunduki. Hii vidole isishike bunduki. Na wakati alikuwa nakufa aliniambia tena."

Kidole cha Ramathan kilisimama juu ya kioo.

"Ulipokuwa kijana baba yako alitaka kukupeleka jeshini. Miaka ile kila mtoto wetu alikuwa naenda. Wewe hukujua. Mimi niligombana na ndugu yangu mpaka tukaacha kusalimiana. Nikasuka kawa ya kufunika chakula, nikauza hapa Mbale, nikauza Jinja, nikakupeleka kwa yule mwalimu ya taipu. Wenzako walioenda, hata nusu hawakurudi."

Alikuwa amechoka, lakini hakulala. Akauliza kama imeandikwa. Ramathan akasema bado, amefika kwenye bunduki. Hajati akamwambia aiweke kando hiyo tableti, itamngoja, kwanza amrudishie kwa mdomo, ajue safari hii ameisikia.

Ramathan akaiweka juu ya shuka. Akaanza: mama yangu aliitwa Nandutu. Alipofika kwenye vidole alilia mbele ya Shamira na hakuona aibu, na Hajati akamngojea. Kisha akaendelea, akarudisha yote, ya kwao waliokasirika, ya wifi, ya kawa, hakuacha neno. Katika miaka yote aliyoandika maneno ya watu, hayo ndiyo ya kwanza aliyoyasikia.