Malalamiko Yako Yatajibiwa Ndani ya Saa Arobaini na Nane

Jumamosi moja alasiri nilipigiwa simu na makumi ya watu wakilalamika kwamba video imeganda, na kila simu iliyoingia ilinizidishia raha.

Msinihukumu kwanza. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mtajua wenyewe kama mnipigie makofi au mnirushie mawe.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni inayorusha mechi mubashara kwenye simu. Mimi ndiye nilikuwa fundi wa kuhakikisha picha inamfikia mtazamaji. Meneja wangu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, dada wa tumbo moja. Wiki nzima ananiagiza kazi, Jumapili tunakula meza moja.

Ngoja nieleze kazi yenyewe kidogo, maana bila hiyo hamtaupata utamu wa kisasi changu.

Ukibofya mechi kwenye simu yako, picha haitoki kwetu moja kwa moja. Watu laki mbili wakigonga mlango mmoja, mlango unang'oka. Kwa hiyo tunaikabidhi kampuni ya usambazaji yenye seva kila mji, na wewe unaipata kwenye seva iliyo karibu nawe. Shida ni kwamba tulikuwa na msambazaji mmoja tu. Akiugua yeye, tumekwisha.

Nilimwandikia shemeji mara tatu. Nikamweleza kwamba tunahitaji wasambazaji watatu, ili mmoja akilegea watazamaji wahamishiwe kwa wengine bila hata kushtuka. Mara zote tatu alinijibu kwamba nina woga wa kike.

Haya. Ikafika nusu fainali, msambazaji wetu akaanguka chali. Dakika kumi na moja watu wanaangalia kiduara kinazunguka.

Jumatatu tukaitwa na mwenye kampuni. Ni mama mfupi asiyependa maneno mengi, tunamwita Mama Mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo, shemeji akasema mimi ndiye nilikosea kupanga mitambo. Akaongeza kwamba mimi ni ndugu yake na inamuuma sana, ila ukweli lazima usemwe.

Nilimtazama usoni. Yeye akawa anatazama kalamu yake.

Zile barua tatu nilikuwa nazo mkobani. Lakini dada alikuwa na mimba ya miezi minane, na asubuhi ileile mama yetu mzazi alikuwa amenipigia akanisihi nisije nikavunja nyumba ya mwenzangu. Nikaziacha humohumo mkobani.

Nikahamishiwa huduma kwa wateja. Hedifoni kichwani, "pole sana ndugu mteja" kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Miezi miwili baadaye shemeji akasimama mkutanoni, akatangaza mpango wake mpya kabambe: wasambazaji watatu! Michoro ilikuwa yangu. Hata rangi za mishale nilichagua mimi. Alikuwa ameichota kwenye kompyuta niliyoiacha. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nikiwa napiga makofi ndipo nilipoapa kwamba huyu mtu atanilipa.

Kuna kitu hakukijua. Alichoiba ilikuwa rasimu ya kwanza.

Ukiwa na wasambazaji watatu, lazima uwe na programu ya kuwapima kila baada ya sekunde chache. Mimi niliibatiza nesi. Nesi akiona mmoja ana homa, anawahamisha watazamaji. Kwenye rasimu ile nilikuwa nimemweka nesi palepale ofisini, kwa sababu nilikuwa bado najaribu. Na ofisi yetu iko jirani kabisa na seva bora ya yule msambazaji wa kwanza. Yaani nesi anampima jirani mmoja mwenye afya, halafu anaandika kwamba mji mzima ni mzima.

Toleo la mwisho lilikuwa linampeleka nesi kwenye simu za watazamaji wenyewe, apime hukohuko waliko. Toleo hilo lilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu hakina wa kukifungua.

Sikugusa waya wala sikuharibu kitu. Nilinyamaza tu, nikasubiri kama paka kwenye tundu la panya.

Kamba ya kumnyongea akaniletea mwenyewe. Alitoa agizo kwamba mtu wa huduma kwa wateja haruhusiwi kupiga simu wala kuingia chumba cha kurushia matangazo wakati wa mechi, eti tunaleta taharuki. Kila lalamiko lijazwe kwenye fomu, lijibiwe ndani ya saa arobaini na nane. Karatasi akaibandika ukutani mbele ya meza yangu, saini yake chini.

Ikaja fainali ya wanawake.

Shemeji alialika wageni wakubwa, akawapanga kwenye chumba cha vioo mbele ya skrini kubwa. Nilikuwa namwona kutoka mezani kwangu, suti ya bluu, mkono mmoja mfukoni, anaelekeza huku na kule.

Dakika ya themanini na nne simu ya kwanza ikaingia. Imeganda. Ikaja ya pili, ya tano, ya kumi, zote za watu wa miji ya mbali. Kila mmoja nikamwomba anisomee namba ndogo iliyo pembeni ya picha, ile inayoonyesha anahudumiwa na msambazaji yupi. Wote walikuwa kwa yule msambazaji wa kwanza.

Ndani ya dakika mbili nilikuwa nimeshajua kila kitu. Msambazaji wa kwanza amezimia huko mbali, ila hapa jirani yuko imara, na nesi wetu anaona hapa tu. Dawa ilikuwa kumtoa yule wa kwanza, watu waende kwa wa pili na wa tatu. Ni kubofya mara mbili. Chumba chenyewe kiko hatua ishirini kutoka nilipokaa.

Nikajaza fomu. Kwa mazoea ya ufundi nikaandika kwenye kila moja: "Chanzo: msambazaji wa kwanza. Atolewe." Nikaweka na dakika. Kisha nikazituma kule zinakosomwa baada ya siku mbili.

Mwenzangu wa meza ya pili akaninong'oneza kama si vizuri tukawaambie. Nikamwonyesha ukutani.

"Soma mwenyewe," nikamwambia. "Tusije tukaleta taharuki."

Jamani, raha niliyoisikia! Skrini ya wageni safi, huko nje moto unawaka, na mwenye mji anacheka na meno yote nje.

Halafu akapiga mzee mmoja. Akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza hali ya kazi. Akasema yeye ni askari wa getini, yuko lindo, hawezi kuondoka kwenda kutafuta televisheni.

"Binti yangu ndiye golikipa," akasema. "Wanakwenda penalti, mama. Nisaidie hizi penalti tu."

Nilishika meza, nikainuka nusu. Kisha nikamwona shemeji kwenye kioo, kamwekea mgeni mkono begani, anacheka. Nikakaa.

"Pole sana ndugu mteja. Malalamiko yako yatajibiwa ndani ya saa arobaini na nane."

"Asante, mama," akasema.

Akapiga tena mara mbili. Kila mara alianza na salamu.

Simu iliyofuata ilikuwa ya mwanamke mwenye sauti kavu. "Hapa kwangu imeganda."

Sauti hiyo naijua hata usingizini. Mama Mwenyewe alikuwa na mafua, kabaki nyumbani kwake nje ya mji. Nami nikamwimbia wimbo uleule, neno kwa neno.

Akaniuliza: "Nani kaweka hiyo saa arobaini na nane?"

Nikamsomea karatasi ya ukutani taratibu, mpaka kwenye saini.

Dakika haikuisha nikaona shemeji anatoa simu mfukoni. Nikaona tabasamu linamwanguka. Akawa anaonyesha skrini kwa kidole, kama vile mtu wa upande wa pili angeweza kuiona. Walipokuja kubofya ile mara mbili, penalti zilikuwa zimekwisha na kombe limeshainuliwa.

Jumatatu Mama Mwenyewe akatuita tena, nikazitoa barua zangu zote tatu, na tarehe za michoro. Shemeji alisimamishwa palepale. Alivyokuwa anatoka hakuniangalia, na mimi nilimwangalia mpaka mlango ukajifunga. Siwezi kuwadanganya, niliona utamu.

Nikataka kuinuka. Mama Mwenyewe akaniambia nibaki.

Mbele yake kulikuwa na fomu zangu zote, zimechapwa na kupangwa.

"Ya kwanza umeiandika dakika ya themanini na sita," akasema. "Umeandika ugonjwa na dawa yake."

Nikamkumbusha agizo la meneja.

"Lilikuwa agizo la mjinga. Lakini yeye hakujua kinachoendelea. Wewe ulijua." Akavuta bahasha, akanionyesha jina langu juu yake. "Humu ndani nilikuwa nakupa kiti chake."

Akairudisha kwenye droo. Akasema hawezi kumkabidhi watazamaji mtu anayejua wanaumwa halafu anakaa. Akaniambia na mimi nikakusanye vitu vyangu, maana nilikuwa nimejishitaki kwa mkono wangu mwenyewe, fomu baada ya fomu.

Tulikutana kwenye lifti, mimi na shemeji, kila mtu na boksi lake. Chini dada alikuwa amekuja kumchukua mumewe, mtoto kalala kwenye kiti chake. Akatuangalia wote wawili, mabega yakamshuka, akatufungulia milango.

Kuhusu shemeji sijutii hata chembe. Angenifanyia tena, ningemfanyia tena.

Anayenikosesha amani ni yule askari. Namba yake niliinakili, na baada ya wiki mbili nikampigia nikamwambia ukweli wote, kwamba ningeweza kumsaidia na sikutaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema marudio ameyaona, na binti yake alidaka mbili.

"Lakini niliangalia nikijua ameshadaka," akasema. "Mimi nilitaka kuogopa naye."

Sina ubavu wa kumwambia mtu asilipe kisasi. Nakuomba kitu kimoja tu: kabla hujarusha jiwe, mwangalie vizuri aliyesimama nyuma ya adui yako. Mimi nilimwona, akanisalimia, na bado nikarusha.