Bwana Besi na Wimbo wa Dada

Mtaani walimwita Bwana Besi kwa mdundo mzito aliojaza kila wimbo aliomtengenezea mtu, na jina lilimkaa. Kuta za chumba chake nyembamba, jirani mkali, kwa hiyo muziki wote aliumiksi, yaani kupanga sauti na ala, kwa hedifoni, amejifungia, anatikisa kichwa kama mjusi. Ukipita dirishani ungedhani anagombana na mtu.

Safari hii kazi ilikuwa ya dadake mdogo, mshonaji mwenye sauti tamu. Alikuwa ametunga wimbo kuhusu mama yao: jinsi alivyokuwa akiimba huku anapiga pasi, akidhani wanawe wamelala, na jinsi alivyonyamaza moja kwa moja baba yao alipofariki. Dada hakutaka redio wala umaarufu. Alitaka mama ausikie Jumapili, neno kwa neno, maana kumwambia ana kwa ana alishindwa.

Bwana Besi akaupika wimbo ukapikika. Kwenye hedifoni, wacha we! Akaupeleka kwa kinyozi, akauweka kwenye spika ya dukani, akakunja mikono kungoja sifa.

"Ngoma kali," kinyozi alisema. "Ila huyo dada anasema nini?"

Bwana Besi alinuna. Akamlaumu kinyozi, akailaumu spika, akailaumu hata mashine ya kunyolea. Njiani ndipo akili ilipomrudia. Wimbo huo alishaukariri! Sauti ya dadake hakuwa akiisikia, alikuwa akiikumbuka.

Basi asiyeujua wimbo ndiye akawa fundi mkuu. Mkewe aliwekewa simu karibu na beseni la vyombo, atamke kila anachosikia. Akikwama, mume mbio chumbani kupunguza besi, roho inamuuma kwelikweli, na kupandisha sauti. Mke alipochoka na mchezo huo, zamu ikawa ya fundi viatu na redio yake ndogo. Huyo alirudia ubeti mzima bila kukwama, kisha akaomba apigiwe tena.

Jumapili mama alikuwa anamenya viazi. Dada akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, akajifanya anatafuta kitu kabatini. Simu yenyewe kuukuu, besi haina hata ya kuazima. Lakini maneno yalitoka yote.

Mama aliweka kisu chini. Hakusifu sauti wala ala, na Bwana Besi aliyesimama mlangoni hakuulizwa lolote.

"Kumbe mlikuwa hamjalala?"

"Tulikuwa macho, mama," dada alijibu. "Tulikuwa tunakusikiliza."

Mama akawatazama wote wawili, macho yamejaa machozi.

"Sasa mbona hamkuniambia niendelee?"