Mashine ya Kijani Kibarazani

Mashine yangu ya kukereza vyuma ilikaa kibarazani kwetu Mapinga chini ya turubai tangu nilipostaafu, na mume wangu hakuwahi kuizoea. Karakana niliyokuwa nikifanya kazi Dar ilipofungwa, mashine ziliuzwa kwa uzito kama mihogo, nami nikanunua ile niliyoisimamia tangu ujana wangu, nikiwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliodhani nimekuja kufagia. Niliinunua nipate kufanya kazi. Kukaa kitini kutwa nzima nikiitikia marahaba hakukunitosha.

Lakini hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Siku nilipofunua turubai, kila kitu kilikuwa chekundu kwa kutu na magurudumu yamegoma. Mume wangu, mwalimu wa hesabu mstaafu, akatoa sharti kabla ya Ramadhani kuanza: Idi ikifika mashine haijafanya kazi, anamwita mtu wa skrepa aje kuinunua kwa kilo, maana wageni wake hawana pa kukaa. Nilikubali pale pale. Nina hasira za karibu, na mtu akinipa sharti humjibu kabla sijafikiri.

Mfungo ule niliufunga nikiwa na oili chafu mpaka viwikoni. Nilifungua kila kilichokubali kufunguka, nikaviloweka vyuma kwenye mafuta ya taa, hadi mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, akawa anauliza ni beseni gani limesalimika aoshee mchele. Mota ya zamani ilitaka umeme wa kiwandani ambao sisi hatuna, nikafunga mota ndogo ya pampu ya maji. Nilisugua mwili mzima wa mashine kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa. Zile reli mbili ambazo kisu cha kukerezea huteleza juu yake nilizishughulikia kwa mikono ya kumwogeshea mtoto mchanga, zikatoka nyeupe, zinang'aa. Reli zikiharibika mashine inakuwa mwongo: chuma unachokikereza kinatoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Ikabaki kupaka rangi, na hiyo niliiacha kwa ajili ya juma la mwisho.

Juma hilo tukapata msiba upande wa ndugu zangu, kijijini Mkange, nikaenda.

Sasa, Idi ikikaribia, huku kwetu nyumba hupakwa: chokaa ukutani, rangi mlangoni. Mama mkwe huwa hakosi. Niliporudi nilikuta geti la kijani, milango ya kijani, na mashine yangu nayo ya kijani, kuanzia miguuni hadi juu ya reli, na ile skrubu ndefu inayoendesha kisu imezibwa meno yote kwa rangi nzito. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mkekani pembeni, kanga imetapakaa rangi, uso umejaa furaha.

"Nimekumalizia, mwanangu," akasema. "Nimeona unahangaika peke yako na swaumu yako."

"Ahsante, Mama," nikasema, nikaingia jikoni nikafunga mlango. Angekuwa mtu mwingine, majirani wangenisikia mpaka barabarani. Nililia mbele ya sufuria ya futari. Mume wangu akachungulia dirishani, akasema, "Lakini si imependeza?" Nikamtazama tu, akaenda zake.

Tulipokwisha futuru nilikaa na mama mkwe nikamweleza kwa upole, jambo ambalo si la kawaida yangu, kwamba panapoteleza chuma juu ya chuma hapapakwi rangi. Mama akaweka kikombe chini.

"Basi nimekuharibia."

"Hujaharibu, Mama. Umezidisha."

Asubuhi alinitangulia kibarazani. Alikuwa na thina ya kuyeyushia rangi, matambara na kamba ya katani, anaipitisha kamba kwenye jino moja la skrubu, anavuta huku na huku hadi chuma kionekane, anahamia jino la pili. Yule mama ana subira ambayo mimi sikujaliwa. Tulisafisha pamoja, yeye skrubu, mimi reli, na kule mwilini kijani tukakiacha. Nilikuwa nimepanga rangi ya kijivu kama ya karakana, lakini nilipoitazama vizuri nikaona kijani kimeikaa mashine barabara.

Alasiri ya kuamkia Idi, mtu wa skrepa akafika na mzani wake. Mume wangu alikwisha kumwita, maana akisema neno amesema. Nilimwomba mgeni asubiri kidogo. Nikafunga kipande cha chuma, nikawasha. Mkanda ulilia, kisha ukatulia. Nikasogeza kisu taratibu, na chuma kikaanza kutoa utepe mrefu unaojikunja wenyewe na kuanguka sakafuni. Mama mkwe alikuwa anasoma dua chini kwa chini.

Nilizima, nikampa mume wangu kipimo. "Pima mwenyewe, Mwalimu. Huku na kule."

Akapima. Akavaa miwani, akapima tena. Kisha, bila kuambiwa, akapima katikati.

"Ni sawasawa," akasema polepole. "Kote."

Mtu wa skrepa alikuwa ameshaanza kufunga mzani wake. Nilijawa na fahari, sioni haya kusema. Kazi ilikuwa bado imo mikononi mwangu.

Siku ya Idi, baada ya swala, wageni wa mume wangu walianza kuingia. Nilimwona akibeba viti kutoka kibarazani, kimoja kimoja, akivipanga nje mchangani, kwenye kivuli cha ukuta. Rafiki yake mmoja akauliza kwa nini wanakalishwa nje na kibaraza kipo.

"Pale ni karakana ya mke wangu," mume wangu akajibu. "Una kitu cha kukereza?"