Redio Inalala Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa bisibisi. Nilikuwa kijana wa darasa la nne niliyeacha shule nikachunga ng'ombe wa watu, nikapokelewa kwenye karakana ya redio Dodoma mjini. Nikaona redio kaseti mezani, nikaanza kufungua skrubu. Fundi Mkuu, ambaye jina lake hakuna aliyethubutu kulitumia, akanichapa kiganja.

"Imekukosea nini?"

"Natafuta ubovu, Mzee."

"Mwenye redio yule pale kwenye benchi. Kamuulize inalala wapi."

Nikadhani ananitania, lakini nikaenda. Yule bwana, mfanyakazi wa reli kutoka Zuzu, akasema inalala jikoni, mkewe husikiliza akipika. Fundi Mkuu akaifungua. Ndani kote masizi! Kwenye hedi, yaani kile kichuma kinachosoma utepe wa kaseti, kulikuwa na utando mweusi. Akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta, sauti ikatoka safi kama ya mtu aliyemaliza kukohoa.

"Sasa wewe ulitaka kung'oa nini?" akaniuliza.

Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na siionei haya. Alinifundisha kwamba redio ikisema lakini kaseti haisemi, usihangaike na spika, maana spika ni ile ile. Tazama mota, na mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu. Redio na kaseti vyote vikinyamaza, anza na betri na springi zinazozibana. Nyinyi vijana mnaanza kwa kubadilisha kifaa. Sisi miaka ile ya uhaba kifaa tungekitoa wapi? Mkanda ukikatika, tulichana mpira wa ndani wa baiskeli kwa wembe, taratibu, mpaka uwe mwembamba kama kamba ya kiatu. Ukikosea upana, mwimbaji wa kwenye kaseti anakwenda mbio kama anafukuzwa na nyuki.

Baadaye alinituma Kibakwe, kule milimani, ambako ukungu ulinifundisha habari za kutu. Nilipoiva nikahamia Kondoa, nikaweka meza yangu barazani kwa mwenye duka mmoja tuliyemwita Alhaji. Watu wakanizoea. Mtu akitoka kijijini na redio kichwani haulizi njia, anakuja moja kwa moja pale. Baraza ile ndiyo iliyolisha watoto wangu.

Kisha ikaja ruksa. Serikali ikafungulia bidhaa za nje, na Alhaji akaleta kutoka Dar redio kaseti mpya, nyeusi, zinang'aa, akazipanga dukani. Hazijamaliza wiki rafuni, akanitokea barazani.

"Fundi, mwezi ukiisha uondoe meza."

"Nimekosa nini, Alhaji?"

"Unafufua mikweche mlangoni kwangu. Mtu akiona hivyo, ataingia ndani kununua mpya ya nini?"

"Nina watoto, Alhaji."

"Na mimi nina mzigo."

Sikubembeleza. Lakini usingizi ulinipaa, maana kuanza upya pasipo baraza ni sawa na kurudi kuchunga.

Mwezi haujaisha, redio mpya zikaanza kurudi. Aliyetangulia ni Mama Zaina, mama mmoja mkulima mwenye maneno makali, redio ameifunga kwenye kanga.

"Alhaji, umeniuzia mlevi! Ustadhi wetu ana sauti nyembamba kama filimbi, lakini humu akiimba kaswida anaunguruma kama dume la ng'ombe. Halafu inakula kaseti!"

Nyuma yake wakaja wengine, wote wakidai wameuziwa feki. Alhaji akaniita bila kunitazama usoni. Nikafungua ile ya Mama Zaina: mkanda umelegea kama tambi zilizopikwa. Nikaweka mwingine. Baada ya siku chache akarudi nayo, imelewa tena. Hapo nilichomwa moyoni. Mimi, fundi wa Dodoma mjini, redio inirudie?

Nikaweka bisibisi chini.

"Mama, hii redio inalala wapi?"

"Inalala kitandani kwangu, nimeifunika kanga. Wewe unatuonaje?" Watu wakacheka.

"Na mchana inashinda wapi?"

"Juu ya paa la tembe. Si lazima betri ziote jua zipate nguvu?"

"Na redio yenyewe?"

"Nikizitoa betri watoto watazipoteza. Naianika nzima nzima."

Nikawageukia wengine. Wote walianika nzima nzima! Kuanika betri ni desturi yetu sote, hata mimi nilianika. Ila plastiki nyeusi kwenye jua letu, juu ya paa la udongo, ni chungu cha kuchemshia: mpira unalainika, unanyooka, na kaseti inavutwa kivivu.

"Mama, redio siyo muhogo," nikamwambia. "Betri zitie kwenye kopo uzianike. Redio iache kivulini."

"Kumbe nilikuwa namkausha ustadhi!"

Nikazitengeneza zote, na kila mmoja nikamweleza. Hazikurudi. Mwezi ulipoisha, nikabeba meza yangu kichwani. Alhaji akatoka.

"Unakwenda wapi?"

"Si ulisema niondoe meza?"

"Barazani, ndiyo. Iingize ndani, ikae kando ya redio mpya. Mtu akinunua akuone. Na kabla hajalipa, muulize lile swali lako."

Meza iko pale mpaka leo. Kazi nimeiacha, jicho la kushoto limekataa skrubu ndogo, lakini huwa nakwenda kukaa na vijana wanaotengeneza simu pale. Juzi akaja binti mmoja wa chuo, amekumbatia redio kaseti kuukuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Inalala wapi hiyo?"

"Kabatini, babu, tangu bibi afariki. Hakuna anayeigusa."

Nikajua kabla ya kuifungua. Mkanda ulikuwa umeyeyuka kama lami. Nikafuta kwa spiriti, nikachana mpira kwa kupapasa, nikabonyeza. Ikaimba, na wale mafundi wa simu wakainua vichwa. Binti akanyoosha mikono aichukue. Nikaishikilia.

"Leo italala wapi?"

"Sebuleni, babu. Karibu na dirisha."

"Dirisha la jua?"

Akafikiri kidogo. "La kivuli."

Nikaiachia.