Zoezi la Kifunguamimba

Wanafunzi wananiita Kisirani, na sikatai. Kazi yangu ni kukaa chumba cha kompyuta kuwasaidia wanaoanza kuandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Java, na kila siku naulizwa yale yale mpaka mate yananikauka. Kwa hiyo yule mama aliponiwekea kompyuta mezani na kusema, "Mwalimu, hii imekataa," niliguna tu.

Nilimjua. Ni msusi wa ng'ambo ya barabara, vidole vimepinda kwa kusuka vichwa vya watu tangu hajaolewa. Mume alimkimbia akiwa na mimba ya kwanza, ikawa ndiyo ya mwisho. Kwa kusuka huko huko akamlea mwanawe, akamsomesha, akamleta kwangu. Kijana mcheshi, ila mvivu wa kufunga mabano! Homa ya uti wa mgongo ilimchukua hata masomo ya mwanzo hajayamaliza.

"Ndiyo kazi pekee aliyoiacha," mama akasema. "Nataka kuiona ikifanya kazi. Hata mara moja."

Nikatazama. Kosa la wanaoanza: Java inataka jina la faili lilingane na jina lililoandikwa ndani, la sivyo haikusikilizi. Ndani kijana aliandika Zoezi3. Faili lenyewe liliitwa Kifunguamimba.

"Nani kabadilisha jina hapa?" nikafoka.

"Mimi. Nilikuta limeandikwa Zoezi. Jamani mwalimu, mwanangu ni zoezi?"

Hasira zikaniisha papo hapo. Nikamweleza polepole: ama turudishe jina la zamani, ama tuandike Kifunguamimba mle ndani.

"Mle ndani ameandika yeye?"

"Kila herufi, mama."

"Basi usiguse." Akajifuta uso kwa kiganja. "Turudishe lake. Hilo langu nitamwita mwenyewe nyumbani."

Kwa kawaida ningeandika mimi, yaishe. Safari hii nikamsogezea kibodi. Akalifuta lile jina herufi moja moja, kama anafumua nywele za mtoto anayelia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa mtazamaji tu.

Programu ikakubali. Ikauliza: Una umri gani?

Mama akanigeukia. "Wangu au wake?"

"Wowote tu, mama."

Akaandika kumi na tisa. Lilikuwa zoezi la kujumlisha moja, nimelitunga mwenyewe, kila anayeanza hulifanya. Maskini mimi, nililikumbuka akiwa ameshabonyeza.

Mwakani utakuwa na miaka 20.

Akasoma kwa sauti. Akasoma tena. Nikataka kuifunga kompyuta, akanishika mkono.

"Iwashe tena, baba."

Nikaiwasha programu upya. Akaandika ishirini, ikamjibu ishirini na moja. Akaandika ishirini na moja. Nikawafukuza wanafunzi waliokuwa wakisubiri, nikamwacha amkuze mwanawe.